Sikio Jekundu, Ndewe Nzima: Ugonjwa Usio na Kipimo Chake

Kabla hujaendelea kusoma, shika sikio lako. Anzia juu, teremka taratibu kwa vidole viwili. Yote ile inayokunjika na kurudi yenyewe kama mpira ni gegedu. Ukifika chini kabisa, pale panapotobolewa kwa ajili ya hereni, ugumu unakwisha na vidole vinabaki vimeshika ngozi na mafuta tu. Kiswahili kina jina la sehemu hiyo: ndewe. Ukumbuke mpaka huo kati ya gegedu na ndewe, kwa sababu kuna ugonjwa unaoufuata kama vile umepewa ramani.

Gegedu si mfupa wala si nyama. Halina mishipa yake ya damu. Linajilisha kwa kunyonya kutoka kwenye tishu za jirani, ndiyo maana likiliwa halirudi kirahisi kama ngozi inavyorudi baada ya kidonda. Liko kwenye masikio, na kwenye pua kuanzia pale mfupa wa juu unapoishia. Linaunganisha mbavu na mfupa wa kifua. Linafunika ncha za mifupa kwenye maungio. Tena limejipanga kama pete zenye umbo la herufi C kuzunguka bomba la hewa, kutoka shingoni hadi kifuani, ili bomba lisijifunge unapopumua. Aliyewahi kunywa juisi kwa mrija wa karatasi anajua mrija ukilowa unavyofanya: ukinyonya, unanywea. Bomba la hewa ambalo pete zake zimeliwa hufanya hivyohivyo.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa polikondraitisi ya kurudiarudia. Jina ni refu, ila ukilifungua ni jepesi: gegedu la sehemu nyingi linavimba, linatulia, halafu linavimba tena. Hauletwi na kijidudu, hauambukizi, na hakuna mtu aliyemtupia mwenzake. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na wavamizi, inaligeukia gegedu la mwenye mwili na kulishambulia. Mara nyingi huanza mtu akiwa kati ya miaka 40 na 60, awe mwanamke au mwanamume. Na hauishii kwenye gegedu pekee. Jicho, sikio la ndani na hata mshipa mkuu unaotoka moyoni vina viambato vinavyofanana na vya gegedu, kwa hiyo navyo hupigwa.

Aliyeuandika kwa mara ya kwanza ni daktari wa Prague, Jaksch-Wartenhorst, mwaka 1923. Mgonjwa wake alikuwa mtengeneza bia mwenye miaka 32, aliyeanza kwa kuumwa maungio, kisha masikio na pua vikaharibika umbo. Jina tunalotumia leo lilikuja mwaka 1960, kutoka kwa Pearson na wenzake huko Marekani. Yaani kwa karibu miaka 40 madaktari waliokutana na ugonjwa huu walikuwa wanauita kila mmoja kwa jina lake.

Ni ugonjwa adimu. Hesabu inayotajwa sana, ya mji wa Rochester katika jimbo la Minnesota, ni wagonjwa wapya kama 3.5 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Hebu chukua kiwango hicho kama kilivyo, ukipeleke Mkoa wa Mbeya wenye watu zaidi ya milioni 2. Unapata kama watu 8 kila mwaka. Sasa jiulize: wewe unayesoma udaktari, uuguzi au maabara, umewahi kumsikia hata mmoja?

Mimi nimemwona mmoja, na ni wa nyumbani kwetu. Ni mama yangu mkubwa. Ameniruhusu niandike mradi jina lake lisitokee.

Anaishi upande wa Makongolosi, wilayani Chunya. Wale wasiopajua: ni kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini hadi Chunya, unapanda mlima kwenye baridi na ukungu, halafu unashuka kwenye joto kali, na Makongolosi iko mbele zaidi. Hii ndiyo nchi ya dhahabu ya Lupa, iliyovuta watu tangu miaka ya 1920 na 1930 na bado inavuta. Mama mkubwa anauza chakula karibu na mwalo, pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa kutafuta dhahabu. Anaamka saa 10 alfajiri kuwasha moto. Karasha inaunguruma kutwa nzima, vumbi linatua kwenye kila kitu, kuni zinafuka, na upande wa pili kuna watu wanachoma zebaki.

Naeleza mazingira haya kwa sababu maalumu. Kwa mtu anayeishi pale, kila dalili ina maelezo yake tayari kabla hajafika kwa daktari. Magoti yanauma? Sufuria nzito. Jicho jekundu? Moshi. Kikohozi? Vumbi la karasha, au TB, ambayo kwenye maeneo ya machimbo si jambo la kubahatisha. Maelezo haya si ya kijinga. Kwa watu wengi wa pale ni ya kweli kabisa. Ndiyo maana yanaficha.

Si unajua utaratibu wetu: unanunua daftari la kurasa chache, unakwenda nalo kituoni, daktari anaandika humo, unarudi nalo. Kwa miaka miwili mama mkubwa alikuwa amekusanya manne, na kila moja lilikuwa na mwili wake.

La kwanza lilikuwa la maungio. Kifundo cha mkono kilivimba, kikapona, goti likafuata, likapona, kikaja kifundo cha mguu. Akapewa dawa za maumivu. Baadaye alipigwa picha ya eksirei, mifupa ikaonekana safi, na kipimo cha damu cha baridi yabisi kikarudi hasi. Ukisoma daftari hilo peke yake, unasema mama huyu amechoka, apumzike. Lakini maumivu yanayohama kutoka ungio hadi ungio, yanayovimbisha bila kula mfupa, yana maana yake kwa anayeijua polikondraitisi. Ndivyo inavyofanya kwenye maungio.

La pili lilikuwa la sikio. Siku moja aliamka sikio la kulia likiwa jekundu, la moto, na linauma kiasi kwamba hawezi kulilalia. Likaandikwa kuwa maambukizi, akapewa antibayotiki, na baada ya siku kama kumi likanywea. Kila mtu akafurahi, dawa imefanya kazi. Miezi michache baadaye likaja la kushoto. Antibayotiki nyingine, likapona pia. Sasa hapa pana mtego ambao naona umewakamata wengi. Mashambulizi ya ugonjwa huu hutulia yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba dawa yoyote utakayopewa wakati huo itapata sifa: antibayotiki, mafuta ya kuchua, mzizi wa kuchemsha, maombi, hata kung'oa jino. Kila mmoja anaondoka akiamini ametibu, na mgonjwa anabaki na orodha ndefu ya dawa zilizomsaidia, huku ugonjwa ukiendelea kula taratibu.

La tatu lilikuwa la macho, kurasa mbili tu. Weupe wa jicho umekuwa mwekundu, linauma, matone. Mara mbili.

Daftari la nne ndilo lililojaa. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, ikafika mahali wateja wanamwambia aongeze sauti. Akaanza kukohoa bila makohozi ya maana na kuishiwa pumzi akipanda kilima kidogo cha kurudi nyumbani. Makohozi yalipimwa TB zaidi ya mara moja, hasi. Akaambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Haikumsaidia, akaongezewa dozi.

Kitu kimoja hakikuandikwa kwenye daftari lolote. Pua yake ilikuwa inazama. Si kwa usiku mmoja. Daraja la pua lilikuwa linashuka kidogo kidogo katikati, kama tandiko. Yeye aliliona kwenye kioo na akaanza kuvaa barakoa, ambayo kwa muuza chakula haikumshangaza mtu. Majirani waliliona pia. Wenye umri wakanong'ona kaswende, wengine ukoma, na maneno hayo kwa mama anayepika chakula cha watu ni hukumu. Wateja walihamia banda la jirani mmoja mmoja, kwa heshima, wakiendelea kumsalimia. Kiukweli hiyo ilimuuma kuliko sikio.

Tulipofika naye kwenye hospitali moja ya rufaa, masikio yake yalikuwa yametulia. Alipelekwa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kwa sababu ya pumzi. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nimekaa pembeni na mfuko wa plastiki wenye madaftari yote. Daktari alimwamkia, akauliza habari za Chunya, akamsikiliza akiongea kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Halafu akamwomba avue barakoa. Akaangalia pua, akanyamaza kidogo.

"Mama, hayo madaftari mengine huwa unamwonyesha nani?"

"Nani ayatake, mwanangu? Kila ninakokwenda naambiwa ninunue jipya."

Akayachukua yote manne akayapanga mezani, akaanza kusoma. Alipofika kwenye lile la sikio akauliza kama kuna mtu aliyepiga picha siku lilipokuwa jekundu. Kumbe ipo. Binamu yangu alikuwa ameipiga kwa simu na kuiweka kwenye kundi la familia la WhatsApp, akiuliza ni mdudu gani wa Makongolosi anayeng'ata hivi. Nikarudi nyuma miezi kadhaa nikaipata. Sikio limeiva kama nyanya, limejaa. Chini yake hereni ndogo ya dhahabu imening'inia kwenye ndewe ya kawaida kabisa, rangi ya mama mkubwa mwenyewe, bila uvimbe wowote.

Tuikae hapo kwenye ndewe kidogo.

Maambukizi ya ngozi hayajui mpaka. Jipu, au bakteria walioingia kwenye ngozi ya sikio, wakisambaa wanasambaa hadi chini, na ndewe inavimba pamoja na mengine. Ugonjwa unaolitafuta gegedu hauna shughuli na ndewe, kwa sababu ndewe haina gegedu. Kwa hiyo sikio jekundu lenye ndewe nzima linakwambia kuwa kinachoungua ni gegedu lenyewe. Ila uwe mwangalifu hapa. Kuna maambukizi ya bakteria ambayo nayo hushika gegedu moja kwa moja na kuiacha ndewe, na hayo tunayaona kwa wenzetu wanaotoboa sikio kwa juu, fasheni ambayo hapa chuoni imeshamiri. Lakini hao wana kitobo au jeraha, na kwa kawaida sikio ni moja. Masikio mawili, kwa nyakati tofauti, bila jeraha, bila kitobo? Hapo hesabu inabadilika.

Ukoma nao ni wa kulinganishwa kwa makini, kwa sababu ndio ulionong'onwa. Ni kweli ukoma huweza kuizamisha pua. Lakini kwenye sikio hufanya kinyume kabisa. Vijidudu vyake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na ndewe ni mojawapo. Ndewe ndiyo inayonenepa na kutoa vinundu. Tena ukoma huua mishipa ya fahamu na kuleta ganzi, wakati sikio la polikondraitisi huwezi hata kuligusisha mto. Kaswende ina vipimo vyake vya damu. Pua iliyopigwa ina historia ya kupigwa. Upo pia ugonjwa wa kuvimba kwa mishipa midogo ya damu unaozamisha pua, huo huja na magamba na damu puani na mara nyingi figo huguswa. Daktari alivipitia hivi kimoja kimoja, na vile vyenye vipimo akavipima, HIV na TB zikiwemo.

Nikasubiri kwa hamu aandike kipimo cha polikondraitisi yenyewe. Hakuna. Hili wanaosoma fani nyingine huwa linawashangaza, maana tumezoea malaria: tone la damu, dakika chache, jibu. Kwa ugonjwa huu hakuna kipimo cha damu kinachosema ndiyo au hapana. ESR, yaani kasi ya kutua kwa chembe nyekundu, ilikuwa juu sana, na damu yake ilikuwa imepungua. Vipimo hivyo vinakwambia kuna moto mwilini, havikwambii unawaka chumba gani. Zipo kingamwili dhidi ya aina fulani ya kolajeni inayopatikana kwenye gegedu, lakini wagonjwa wengi hawana na baadhi ya watu wenye magonjwa mengine wanazo. Kukata kinyama cha sikio na kukiangalia kwa hadubini kunawezekana, ila dalili zikiwa wazi mara nyingi hakuhitajiki, na unakuwa umelijeruhi sikio ambalo tayari lina shida.

Basi wanatambuaje? Kwa kuhesabu. Mwaka 1976 huko Marekani, McAdam na wenzake walichukua wagonjwa wao 23, wakawaunganisha na 136 walioandikwa na wengine kabla yao, jumla 159, wakatazama ni nini kinachojirudia. Wakabaki na mambo sita: masikio yote mawili kuvimba, maungio kuvimba bila kuliwa, gegedu la pua, jicho, njia ya hewa, na sikio la ndani, kwa maana ya kusikia au mizani ya mwili. Ukipata matatu, una ugonjwa. Mwaka 1979 Damiani na Levine wakaulegeza mlango: hata dalili moja inatosha kama kinyama kimethibitisha, au gegedu la sehemu mbili likiwa limetulia kwa dawa za steroidi au dapsoni. Kuna vigezo vingine vya 1986 vya Michet, sitavipitia.

Hesabu ya mama mkubwa fanya mwenyewe. Masikio, daftari la pili. Maungio, la kwanza. Jicho, la tatu. Njia ya hewa, la nne. Pua, nyuma ya barakoa. Matano kati ya sita. Na matatu ya kutosha yalikuwa yameshaandikwa kwa wino, na watu waliosoma, kwenye karatasi ambazo hazikuwahi kulala meza moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 ulikuta kwamba wagonjwa walikaa kwa wastani wa miaka 2.9 kabla ya kupata jina la ugonjwa, na theluthi moja walikuwa wamepita kwa madaktari watano au zaidi. Marekani hiyo, yenye mabingwa na mashine zote. Kwa hiyo mimi siwezi kukubali hoja kwamba tatizo letu ni umaskini wa vifaa tu. Mwili umegawanywa: maungio kwa huyu, macho kwa yule, kifua kwa mwingine, na kila mmoja akafanya sehemu yake kwa haki. Ugonjwa unaotembea kati ya idara unahitaji mtu mmoja anayesoma daftari la jirani.

Kile kigezo cha 1979 cha kutulia kwa steroidi nacho kinahitaji neno. Steroidi hutuliza uvimbe wa karibu kila aina, kwa hiyo mtu kupata nafuu hakuthibitishi peke yake ana ugonjwa gani. Mama mkubwa alisimulia kwamba aliwahi kununua "vidonge vya mzio" kwenye duka la dawa, na ndani ya siku mbili sikio, goti na pumzi vyote vikawa vizuri. Alipoacha, vyote vikarudi. Daktari alitabasamu, akauliza rangi na ukubwa wa vidonge. Na hapa niseme na nyinyi wa hosteli mnaomeza deksamethasoni ili mnenepe mashavu: hizo ndizo dawa zenyewe. Zinaficha ugonjwa, zinapandisha sukari na presha, na kwenye nchi yenye TB zinaweza kuiamsha iliyolala. Ndiyo maana mama mkubwa hakuanzishiwa prednisoloni mpaka kifua chake kilipoangaliwa vizuri, tena haraka, kwa sababu upande wa pili nako hapakuwa na muda.

Muda wenyewe ulikuwa kwenye bomba la hewa. Alipobonyezwa taratibu mbele ya shingo, kwenye zoloto, alishtuka kwa maumivu. Akivuta pumzi kwa nguvu ilisikika sauti nyembamba ya mkoromo. Pumu hubana njia ndogo ndogo za ndani kabisa ya mapafu kwa misuli kukaza, na dawa ya kuvuta hulegeza misuli hiyo. Yeye alikuwa na shida kwenye bomba kuu, ambalo pete zake zilikuwa zimevimba na kulegea. Hapo hakuna msuli wa kulegeza, hata umwongezee dozi mara tatu. Kuna ujanja pia kwenye CT. Kwa kawaida mgonjwa huambiwa avute pumzi na kuishikilia, na bomba linaweza kuonekana pana na zuri. Daktari aliandika kwa herufi kubwa kwamba apigwe pia wakati anatoa pumzi. Kwenye picha za kutoa, bomba la mama mkubwa lilikuwa limenywea.

Hapa ndipo ugonjwa huu unapoua. Wagonjwa 112 walioripotiwa na Michet na wenzake mwaka 1986, asilimia 74 walikuwa hai baada ya miaka 5, na asilimia 55 baada ya miaka 10. Ile ripoti ya 1998 ilikuta asilimia 94 wakiwa hai baada ya miaka 8. Wagonjwa wa ripoti hizo mbili hawafanani kwa kila kitu, lakini kugundua mapema na dawa bora vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Sikio lililoharibika umbo unaweza kuishi nalo ukafunga kilemba. Bomba la hewa ni habari nyingine.

Sasa anatumia prednisoloni, ambayo inapunguzwa polepole, pamoja na methotreksati mara moja kwa wiki ili kuizuia kinga isirudie fujo. Anapimwa damu, ini na sukari. Macho anaangaliwa, na moyo alipigwa picha ya mawimbi ya sauti kwa sababu ya ule mshipa mkuu. Dapsoni nayo ilitajwa, na mnaosoma famasi mtakuwa mmeshaiona ajabu yake: ni moja ya dawa tatu za kutibu ukoma ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza tangu miaka ya 1980. Fikiria basi mtu mwenye polikondraitisi anayedhaniwa ana ukoma, anapewa dawa, anapata nafuu. Nani atamwambia kuwa hakuwa na ukoma?

Jambo jingine lililomchekesha mama mkubwa ni dhahabu. Mwaka 1929, wakati watu wanamiminika Lupa na masururu, daktari Mfaransa Jacques Forestier alianza kuwadunga wagonjwa wa baridi yabisi sindano za chumvi ya dhahabu, na kwa miongo mingi zikawa tiba ya kawaida ya maungio. Siku hizi zimeachwa karibu kabisa, methotreksati imezishinda. "Kumbe tungekuwa tunajitibu wenyewe," akasema. Hapana, mama, vumbi la karasha halimo.

Sayansi yenyewe bado haijamaliza kuugawa ugonjwa huu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza ugonjwa mpya walioupa jina VEXAS, unaotokana na badiliko la jeni iitwayo UBA1 kwenye kromosomu X, linalotokea ukubwani bila kurithiwa. Unawapata hasa wanaume wazee, wenye homa, upungufu wa damu na gegedu linalovimba, na wengi wao walikuwa tayari wameandikiwa polikondraitisi. Kwa hiyo babu mwenye masikio mekundu na damu iliyopungua sana ni wa kuangaliwa kwa jicho la pili.

Majirani wa Makongolosi waliambiwa na mama mkubwa mwenyewe, kwa sauti ambayo bado inakwaruza, kwamba hana ukoma wala kaswende. Alibandika karatasi za majibu ya vipimo kwenye nguzo ya banda, karibu na bei ya wali maharage. Binafsi nilimshauri asifanye hivyo, majibu ni siri ya mgonjwa. Akaniuliza siri ipi, wakati kijiji kizima kilikuwa kimeshapima bila damu. Baadhi ya wateja wamerudi.

Mkienda likizo, mkikuta nyumbani kuna mtu ambaye sikio lake huja na kuondoka, pigeni picha siku hiyohiyo, yote mawili, ndewe ionekane, na tarehe ibaki kwenye simu. Madaftari ya zamani msiyaache yafungiwe karanga. Mkimpeleka kliniki, pelekeni yote, hata lile la macho lenye kurasa mbili, na mseme wazi ni vidonge gani alinunua dukani. Lakini mkisikia mkoromo mwembamba anapovuta pumzi, na sauti yake imekwaruza kwa wiki kadhaa, msikae kusubiri sikio liwe jekundu ndipo mpige picha. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na aliyekaa naye kwenye gari amweleze daktari habari ya masikio kabla hajaulizwa.